Darasa la swingi kwa wanaoanza: dansi tamu, ila nilitoka nimefura

Mwanzoni sikuwa na la kulalamika. Mwalimu alituanzishia mapigo sita: mguu mmoja unakanyaga nyuma, uzito unarudi mbele, kisha hatua tatu za harakaharaka upande huu na tatu upande ule. Magoti yalegee. Ukishalizoea pigo la nyuma, muziki wenyewe unakubeba.

Hasira zilianza tulipobadilishana wenza. Kwenye madarasa haya kila baada ya muda mfupi unasogea kwa mtu mwingine, na mimi naupenda utaratibu huo, maana mwili unajifunza kusikiliza mikono ya watu wengi. Nikaangukia kwa bwana mmoja ambaye ni wazi hakuwa mgeni wa dansi hii. Hata salamu hakutoa. Akanikamata vidole, gumba lake likanibana juu ya mkono, akanivuta mpaka bega likauma, halafu eti, "Dada, hufuati."

Nifuate nini? Anayeongoza anaalika kwa mwendo wa mwili wake wote. Vidole vya mwenzake vinapumzika kiganjani mwake, gumba halibani. Hayo tulikuwa tumetoka kuambiwa muda uleule! Nikauchomoa mkono. Yeye akaendelea kunihutubia katikati ya wimbo, watu wanatazama. Mwalimu aliona, akageukia pembeni. Hilo liliniuma kuliko bega.

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Lakini nikiwakataza nitakuwa nawanyima kitu kizuri kwa sababu ya mtu mmoja asiye na adabu, na ubabe wake hautokani na dansi hii. Lindy Hop, mtindo wa awali wa dansi ya swingi, ilizaliwa kwa Wamarekani weusi wa Harlem, New York. Katika ukumbi wa Savoy, uliofunguliwa 1926, weusi na weupe walicheza sakafu moja wakati kumbi nyingi zikiwatenga. Frankie Manning, mcheza dansi aliyeng'ara pale na kuja kufundisha uzeeni, aliwataka wanaoongoza wamwinamie mwenza wao kama malkia. Malkia, siyo mkokoteni!

Na baada ya somo, muda wa kucheza huru, dada mmoja anayeongoza aliniomba dansi. Akaniuliza kwanza bega linasemaje. Alishika kwa wepesi kiasi kwamba nilijua pa kwenda kabla sijafikiri, na tulipokosea pigo alitulia tu, akalisubiri lijalo. Wimbo ulipoisha nilitamani uanze upya.

Kwa hiyo dansi naipa nyota tano. Darasa nilikuwa nalipa nne... hapana, mbili. Mwalimu anayeona mwanafunzi mpya anaumizwa akanyamaza hastahili zaidi. Nendeni, ila mkumbuke mna haki ya kumkataa mtu, hata katikati ya wimbo. Mimi narudi, na yule bwana akininyooshea mkono tena atasikia hapana mbele ya darasa zima.