Tetemeko la 2005 nimelipata bure, bila barua

Nafundisha jiografia sekondari hapa Ujiji. Desemba 5, 2005, saa tisa na dakika ishirini hivi alasiri, Ziwa Tanganyika lilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 6.8. Nilikuwa darasa la tano. Mama alitutoa nje mbio, sufuria ya maharage ikabaki inacheza juu ya mafiga.

Siku zote nimetaka wanafunzi wangu waone mchoro wa tetemeko lile lile, si la nchi nyingine kitabuni. Nimeupata kwenye hifadhi ya data za matetemeko ya EarthScope ya Marekani, taasisi iliyotokana na taasisi mbili, IRIS na UNAVCO, kuungana Januari 2023. Unataja msimbo wa kituo cha kupimia (nilichagua MBAR, Mbarara ya Uganda), tarehe na saa, faili linashuka. Hulipi chochote. Nikalifungua kwa programu ya ObsPy, nayo ni ya bure.

Darasa zima tulijazana kwenye kompyuta moja. Mstari umelala, halafu, zaidi ya dakika moja tangu ziwa litikisike, unaruka kidogo: wimbi la kwanza. Baadaye likaja la pili, nene zaidi. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona imeandikwa 12:19 na wewe umesema saa tisa?" Nusu ya kipindi ikaishia kwenye UTC, saa ya kimataifa: ongeza saa 3, kisha rudi kwenye saa zetu za Kiswahili.

Kinachonifanya niwape nyota tano ni makubaliano yao. Kupitia FDSN, shirikisho la mitandao ya kupima matetemeko, kila taasisi inabaki na mitambo na mabosi wake, lakini data inawekwa kwa muundo mmoja, miniSEED, na inaombwa kwa namna moja. Nilipotaka vituo vya hifadhi ya Potsdam, Ujerumani, nilibadilisha anwani tu. Msimbo wa mtandao wa vituo unaonyesha nani alipima, jasho la mtu halipotei.

Hapa kwetu, maji ya ziwa yalipopanda, niliomba vipimo vya kina cha maji kwenye ofisi moja. Barua mbili zenye muhuri, nikaishia kupewa fotokopi isiyosomeka. Iliniuma, maana ziwa ni letu.

Kule hifadhini nimekuta hata vipimo vya 1994 na 1995 vya hapa Tanzania, kituo kimoja kikiitwa URAM. Nina mwanafunzi kwao Urambo. Jumatatu tunakifungua hicho.