Unataka tovuti ya makala za kurekodi sauti? Anza kununua hapa

Mtu akiniandikia kwamba maiki fulani "ina besi nzito" au "inakwaruza kwenye herufi s", swali langu huwa moja: iko wapi niisikie? Makala ya vifaa vya sauti ambayo haina sauti ndani yake ni masimulizi. Kwa hiyo ninapoulizwa tovuti ya kazi hii iwekwe wapi, sianzi na urembo wa kurasa wala bei. Naangalia kwanza kama mahali hapo pataniruhusu kuweka faili za sauti, msomaji atazipata bila kumaliza bando lake, na siku nikitaka kuhama nitaondoka nazo zote. Ndivyo nilivyozipanga njia hizi, ya kwanza hadi ya mwisho.

Uzito wa faili ndio unaoamua mengi, kwa hiyo tuupime kwanza. Tuseme unalinganisha maiki nne, kila moja sekunde 30, sauti ya mtu mmoja, njia moja yaani mono. Umerekodi WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, ya biti 24 kwa kHz 48, kama studio nyingi zinavyofanya. Kila kipande kitakuwa na MB 4.3 hivi, na vinne vitakaribia MB 17. Msomaji wa Tandika au Kayole aliyenunua bando la siku hatavifungua vyote, na akivifungua atajuta. Vibadilishe viwe MP3, yaani faili iliyobanwa, ya mono kwa kbps 128 (kilobiti kwa sekunde), vyote vinne vitakuwa chini ya MB 2. Kwa sauti ya mtu anayeongea, tofauti kati ya maiki na maiki bado itasikika. Kwa muziki, gitaa au qanun ya taarabu, mimi hupanda hadi kbps 192 au 256 ya stirio, kisha naweka kiungo cha kupakua WAV kwa atakayetaka kuchunguza zaidi.

Kitu cha kulipia kabla ya vyote ni domeni, yaani jina la tovuti. Jina la .com hugharimu kati ya dola 10 na 15 kwa mwaka. Wa Tanzania wana .co.tz na .me.tz, wa Kenya wana .co.ke na .me.ke, na hizo za "me" ziliwekwa kwa ajili ya tovuti za mtu binafsi. Yoyote inafaa. La muhimu ni kwamba isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako. Mimi tovuti yangu ya kwanza nilimwachia fundi anisajilie. Alitumia barua pepe yake, akabadilisha namba ya simu, na mwaka ulipoisha sikuwa na njia ya kulipia jina nililokuwa nimelitumia kwa miezi kumi na moja. Makala nilikuwa nazo kwenye kompyuta, lakini kila mtu aliyekuwa amehifadhi kiungo alikuta ukurasa mtupu. Fundi mpe kazi, lakini nywila ya domeni ibaki kwako.

Sasa pa kukaa.

Namba moja kwangu ni WordPress, programu ya kujengea tovuti, unayoisimika mwenyewe kwenye seva ya kupanga, yaani kompyuta ya kampuni inayobeba tovuti za watu. Programu yenyewe ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2003. Unacholipia ni nafasi kwenye seva. Seva hizi za bei nafuu ni kama nyumba ya kupanga ya Manzese: chumba ni chako, ila bomba na choo mnatumia wote. Jirani akiwa na wageni wengi, nawe utaona maji yanapungua. Kwa tovuti ya makala mbili tatu kwa mwezi hilo linavumilika. Kampuni nyingi za Dar es Salaam na Nairobi hupokea M-Pesa, na hilo si jambo dogo kwa mtu asiye na kadi ya benki. Ukitaka kampuni ya nje, kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa hufanya kazi mahali pengi.

Naipa nafasi ya kwanza kwa sababu ina kichezeshi cha sauti ndani yake: unapakia MP3, kinatokea mahali hapo hapo katikati ya aya. Unaandika "sikiliza s ya maiki ya pili", na chini ya sentensi hiyo kuna kitufe cha kusikiliza. Nilipoandika kuhusu maiki ya SM58, ambayo kampuni ya Shure wameiuza tangu 1966 na ambayo bandia zake zimezagaa dunia nzima, niliweka ya kweli na ya bandia moja juu ya nyingine. Nilisoma sentensi ileile, "sasa samaki sita wamesafirishwa Songea", vidole vinne kutoka mdomoni. Aya tatu nilizokuwa nimeandika kueleza tofauti nilizifuta, kwa kuwa ukisikia neno "samaki" mara mbili umemaliza. Ile bandia inang'ata masikio kwenye kila s, na ya kweli inapita laini.

Kabla hujalipa, waulize kampuni maswali matatu. La kwanza: kikomo cha faili moja kupakiwa ni MB ngapi? PHP, lugha inayoendesha WordPress, ikiachwa bila kurekebishwa inakubali MB 2 tu, na dakika moja ya MP3 ya kbps 320 ina MB 2.4, kwa hiyo itakataliwa. Kampuni nzuri imeshapandisha hadi 64 au zaidi, au itakuruhusu upandishe mwenyewe kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia seva yako. La pili: mwaka wa pili ni bei gani? Bei ya tangazo mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza, na kuhuisha kunaweza kuwa mara mbili au tatu yake. La tatu: neno "bila kikomo" lina masharti gani? Hapa niliumia. Niliamini tangazo, nikapandisha folda la WAV za karibu GB 9, na baada ya wiki tatu tovuti ikafungwa. Kwenye masharti kulikuwa na mstari unaokataza kutumia seva kama ghala la sauti na video. Walikuwa na haki ya mkataba, lakini mtu anayeuza kwa maneno "bila kikomo" anapaswa kukwambia hilo kabla ya kupokea pesa, na hadi leo naona walinikosea. Kwa wengi wetu kifurushi cha GB 5 hadi 10 kilichoandikwa wazi kinatosha miaka kadhaa, ukiweka MP3 tu.

Namba mbili: kurasa tuli. Unaandika makala kama maandishi ya kawaida, programu kama Hugo inazigeuza kurasa, na unaziweka kwenye huduma ya Cloudflare Pages au GitHub Pages bila malipo. Hakuna hifadhidata ya kuvunjwa na wadukuzi, hakuna programu-jalizi (vijiprogramu vya nyongeza) za kusasisha kila wiki, na kurasa zinafunguka upesi hata kwenye simu ya bei ya chini. Cloudflare ina seva Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Kama wewe ni mtu wa kupenda kuelewa kifaa hadi ndani, na watu wa sauti wengi wako hivyo, njia hii itakupa raha. Kilichoiweka nafasi ya pili ni kwamba wiki ya kwanza utatumia muda mwingi kujifunza amri kuliko kuandika, na nimewaona watu watatu wakiishia hapo. Zingatia vipimo pia: Cloudflare Pages haikubali faili inayozidi MB 25 hivi, ambayo ni dakika moja na nusu tu ya WAV ya stirio ya biti 24. Tovuti ya GitHub Pages nzima haitakiwi kuzidi GB 1. Sauti kubwa ziweke kwingine: Cloudflare R2, ghala lao la faili, inatoa GB 10 bure na haitozi pesa kwa data anayopakua msikilizaji, ingawa itadai kadi wakati wa kujiandikisha.

Namba tatu ni Blogger, huduma ya kublogu, na najua wengi wanaidharau. Ni ya Google tangu 2003, ni bure, unaunganisha domeni yako bila kuongeza hata shilingi, na hata makala ikisomwa na watu elfu kumi kwa usiku mmoja haitaanguka. Kasoro yake kwa kazi yetu ni kubwa: haipokei faili ya sauti. Itakubidi uweke sauti kwenye archive.org, ambako kuhifadhi ni bure, kisha unakili msimbo wa kichezeshi na kuubandika kwenye makala. Inafanya kazi, ila kila kipande kinakula dakika zako tano. Kwa mwanafunzi asiye na senti ya seva, aanzie hapa, lakini alipie domeni, ili siku akihamia WordPress wasomaji wamfuate kwa jina lilelile. Makala zenyewe Blogger inaziachia zitoke zote kwa faili moja.

Ghost, jukwaa jingine la kuchapisha makala, ni nzuri kwa anayetaka kuuza usajili wa wasomaji. Kwa anayeanza ni gharama kabla ya wakati. Wix, huduma ya kujenga tovuti kwa kuburuta vipande, naiweka mwisho kabisa. Kurasa zake zinapendeza na utamaliza kujenga kwa jioni moja, lakini tovuti ya Wix haihamishiki kwenda seva nyingine. Ukichoka na bei, unaanza kunakili makala moja moja kwa mkono.

Kuna watakaosema waweke sauti YouTube au SoundCloud tu. Weka huko pia, maana ndiko watu walipo. Ila majukwaa hayo hubana sauti upya kwa namna yao, na wewe unayelinganisha vifaa unahitaji kujua hasa faili iliyomfikia msikilizaji ni ipi.

Usinunue cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye anwani. Let's Encrypt hukitoa bure na kampuni nyingi hukiwasha kwa kitufe kimoja. Usinunue muonekano (theme) wa dola 60 kabla ya kuandika makala kumi. Pesa hiyo inunue diski ya nje ya kuhifadhia WAV zako za asili, kwa kuwa MP3 hairudishi ubora wa WAV ya asili. Na ukiwa Tanzania, soma kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 pamoja na marekebisho yaliyofuata, au uwaulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, moja kwa moja, ujue kama aina ya tovuti yako inadaiwa leseni. Fanya hivyo kabla ya kutangaza.

Ukishalipa, weka makala moja ya majaribio yenye vipande viwili vya sauti. Sawazisha ukubwa wa sauti zake kwanza, kwa sababu iliyo juu kidogo daima itaonekana bora. Kwenye mipangilio ya kichezeshi tafuta neno "preload" na uliweke "none", ili faili isianze kushuka kabla msomaji hajabonyeza. Kisha chukua simu ya kawaida, zima waifai, ingia kwa bando, uangalie MB zilizobaki, ufungue makala bila kubonyeza chochote. Subiri dakika moja, uangalie MB tena. Kama zimepungua kwa zaidi ya uzito wa maandishi na picha, kichezeshi kinavuta sauti kimyakimya. Rudi urekebishe kabla hujamtumia mtu yeyote kiungo.