Ballotpedia kwa sisi wapiga kura wapya wa Maine: nimeipima kwa Jared Golden, nyota 4

Watu kama watano hivi hapa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, wameniuliza swali moja, wengi wao wamekula kiapo cha uraia juzijuzi tu: hawa wagombea wa mchujo (ile kura ya chama kumpata mgombea wake) tunawajuaje? Maana huku hakuna gari la spika linalopita mtaani kama tulivyozoea nyumbani, unakuta tu makaratasi kwenye sanduku la posta, kila karatasi ina picha ya mtu amevaa shati la mistari kasimama mbele ya mashua au trekta na imeandikwa huyu ni mwenzenu. Mimi nawaambia fungueni Ballotpedia, tovuti ya habari za wagombea na uchaguzi. Ni bure, hujiandikishi popote, ipo tangu 2007 na unatafuta kwa jina tu. Ila nimeona niiandikie vizuri, inasaidia wapi na inaishia wapi, na njia nzuri ya kupima kitu kama hiki ni kuchukua mgombea wa zamani ambaye tunajua alikuja kufanya nini akishapata kiti.

Nimemchukua Jared Golden, mchujo wa Democrats wa Juni 12, 2018, wilaya ya pili ya Maine. Kwa ambao hawajazoea, Maine ina viti viwili tu kwenye Bunge la Wawakilishi la Washington, Portland na pwani ya kusini wana cha kwanza, sisi wa Lewiston na Bangor na misitu yote mpaka mpaka wa Kanada tuna cha pili. Ni wilaya kubwa kuliko zote mashariki ya mto Mississippi, kilomita za mraba zaidi ya 70,000, yaani Rwanda na Burundi zinaingia zote mbili na nafasi inabaki. Humo kuna wavuvi wa kambakoche, wakata magogo, wakulima wa viazi kule Aroostook, na miji iliyokuwa inaishi kwa kiwanda cha karatasi na kiwanda kikafungwa.

Ukurasa wa mgombea unaanza na historia yake, na hapo ndipo watu wengi wanasoma harakaharaka wanapita, kumbe ndipo penye utamu. Golden kakulia Leeds, kijiji cha hapa jirani, kaacha chuo 2002 akaingia jeshini, Marines, kaenda Afghanistan na Iraq, karudi kasoma Bates College hapahapa Lewiston, alafu akafanya kazi kwa Seneta Susan Collins ambaye ni Republican. Soma hapo tena. Mdemokrati aliyejifunza siasa za Washington kwenye ofisi ya Mrepublican! Mtu akiusoma huo mstari mmoja kwa makini asingeshangaa sana mambo yaliyofuata baadaye. 2014 akaingia bunge la jimbo kuwakilisha Lewiston, na baada ya uchaguzi wa 2016 akawa naibu kiongozi wa walio wengi.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Lucas St. Clair, na huyu nawaambia mfano wake unafundisha kuliko hata wa Golden. Mama yake ni Roxanne Quimby, mmoja wa waanzilishi wa Burt's Bees, zile krimu za midomo zenye nyuki mnazoziona Walmart. Mama alinunua misitu mingi kaskazini, na Agosti 2016 Rais Obama akaifanya hifadhi ya taifa, Katahdin Woods and Waters, na kijana ndiye aliyeisimamia hiyo kampeni miaka na miaka. Sa ukisoma kwenye simu "mtetezi wa mazingira" unaona ni sifa tupu, nani hapendi msitu. Lakini nenda East Millinocket na Medway, miji ya jirani na hiyo misitu, 2015 walipiga kura wakakataa hifadhi, watu walikuwa wamezoea kuwinda na kuendesha pikipiki za theluji kwenye hiyo ardhi, na wengine bado walikuwa na tumaini mashine za karatasi zitarudi. Kuna wengine hapohapo walioiunga mkono kwa sababu waliona watalii ni bora kuliko kukosa vyote. Kwa hiyo neno lilelile ni baraka kwa mtu wa Portland na ni jeraha kwa mtu wa East Millinocket, na Ballotpedia haiwezi kukuambia hilo, itakupa tarehe na vyeo. Sio kosa lao, ndo ilivyotengenezwa, wanajitahidi kutoegemea upande na mimi nawaheshimu kwa hilo. Ila ukimaliza kusoma historia ya mtu jiulize imefanyika wapi, alafu umuulize mtu wa hapo. (Wa tatu alikuwa Craig Olson, muuza vitabu wa kisiwa cha Islesboro.)

Sera sasa. Kuna fomu ya maswali ambayo mgombea akitaka anajaza, asipotaka hajazi, na akijaza ni maneno yake mwenyewe. Vote Smart nayo, tovuti nyingine ya aina hii iliyoanza 1992, inawapelekea wagombea maswali yake na wengi hawajibu. Kwa hiyo sehemu hii ichukue kama barua ya kuomba kazi, nzuri kusoma lakini huajiri kwa barua peke yake. 2018 Golden alisema anataka Medicare, bima ya afya ya serikali, kwa watu wote na akasema hatampigia Nancy Pelosi, kiongozi wa Wademokrati wenzake bungeni, kura ya uspika. La Pelosi alitimiza, Januari 2019 kura yake alimpa Mdemokrati mwingine, Cheri Bustos. La Medicare alirudi nyuma polepole. 2021 mpango mkubwa wa Biden wa huduma za jamii na tabianchi (Build Back Better) ulipoletwa yeye ndiye Mdemokrati pekee kwenye Bunge la Wawakilishi aliyepiga kura ya hapana, na 2023 akapiga kura pamoja na Warepublican kuzuia msamaha wa mikopo ya wanafunzi. Kuna walioumia na kuna waliosema ndo maana tulimchagua, mimi mwenyewe la mikopo liliniuma. Hizi kura zote unazipata bure Congress.gov, na kama mgombea wako hajawahi kuwa bungeni Washington basi tafuta kura zake za bunge la jimbo au za baraza la mji.

Alafu kuna mambo hakuna huduma yoyote itakayokuambia kabla. Julai 2022 Golden alikuwa mmoja wa Wademokrati 5 waliopinga kupiga marufuku bunduki za kivita. Oktoba 25, 2023 mtu akaingia na bunduki ukumbi wa bowling na baa hapahapa kwetu Lewiston, watu 18 wakafa, na sisi tukakaa ndani milango imefungwa, hakuna shule hakuna kazi, na siku mbili baadaye yule mtu alipatikana amekufa. Siku moja tu baada ya mauaji Golden alisimama mbele ya kamera, akakiri msimamo wake ulikuwa makosa, akaomba msamaha na kusema sasa anataka marufuku. Kuna wapiga kura hawajamsamehe mpaka leo, pande zote mbili. Mimi siku ile nilimheshimu.

Kitu ambacho Ballotpedia inafanya vizuri sana, na ndo nimeipa nyota nyingi, ni kuelezea kura zenyewe. Hapa Maine unapanga wagombea kwa namba, wa kwanza wa pili wa tatu. 2018 Golden kwenye mchujo alipata kama asilimia 46 raundi ya kwanza, haikutosha, ikabidi za wa chini zihamishwe ndo akavuka nusu. Novemba dhidi ya Bruce Poliquin, Mrepublican aliyekuwa na kiti, alikuwa nyuma kwa kura kama 2,200 na baada ya kuhamisha akashinda kwa kama 3,500, yani namba mbili kwenye karatasi yako ina uzito kweli, usiiache wazi.

Pesa za wagombea usitafute kule, nenda FEC.gov, tovuti ya tume ya uchaguzi ya taifa, mchangiaji akishavuka dola 200 jina, mji, kazi na mwajiri wake vinawekwa wazi. Angalia wangapi wako ndani ya wilaya.

Nyota ya tano nimeibakiza kwa ajili ya lugha, ni Kiingereza tupu na kigumu, mama zetu wengi waliotoka Kongo na Burundi lazima wakae na mtoto awasomee. Na wale ambao bado mna green card, someni mjifunze lakini msijiandikishe kupiga kura hata mkipewa fomu na mtu mwenye tabasamu, uraia wenu unaweza kupotelea hapo. Wenye uraia, mnaweza kujiandikisha siku hiyohiyo ya kura, na tangu 2024 hata asiye na chama anachagua mchujo mmoja anaingia.

Golden Novemba 2025 alitangaza hagombei tena, kiti kikabaki wazi, mchujo ulipangwa Juni 9, 2026. Anayetaka tukae na simu zetu tuwasome hawa wapya mmoja mmoja aniandikie, Jumapili mchana nipo nyumbani.