Uzoefu wangu: OCRE na dinari ya Trajan

Kama unaanza kukusanya sarafu za fedha za Kirumi, usikimbilie kununua vitabu. Fungua kwanza OCRE, orodha ya mtandaoni ya sarafu za Dola ya Roma inayosimamiwa na American Numismatic Society ya New York. Ni bure kabisa.

Mimi niliijaribu kwa sarafu niliyonunua hapa Uingereza, ambayo muuzaji aliiandikia "fedha, Roma" na basi. Mizani ilisoma gramu 3.2, na upana ni kama milimita 18, vipimo vya dinari, sarafu ya fedha ya kawaida ya Warumi. Kichwani mfalme amevaa shada la majani. Angekuwa na taji la miale ya jua ningeangalia antoniniano, sarafu aliyoianzisha mfalme Caracalla mwaka 215.

Herufi nyingi zimelika, ila TRAIANO inasomeka, na upande wa nyuma COS V. Nikachagua Trajan, mfalme wa Roma, nikachagua dinari, nikaingiza hizo herufi. Majibu yakaja mengi mno! Kilichoyachuja ni picha ya nyuma: mwanamke amesimama, mkono mmoja kashika mizani, mwingine pembe iliyojaa matunda. Huyo ni Aequitas, uadilifu. Na COS V ni ukonsuli (cheo cha juu cha uongozi Roma) wa tano wa Trajan, ulioanza 103; wa sita aliupata 112. Kwa hiyo sarafu yangu ilipigwa kati ya miaka hiyo, na namba yake ya RIC (Roman Imperial Coinage, kitabu cha orodha ya sarafu hizi), ile wanayoitumia wauzaji wote, nikaipata hapo hapo.

Ninachokipenda zaidi ni picha za sarafu zilizomo kwenye makumbusho kama ya London na Berlin. Unaweka yako pembeni, unalinganisha herufi moja moja: neno linakatika wapi, mizani imeinuliwa kiasi gani.

Ila isikudanganye: OCRE inakupa aina, haithibitishi kwamba yako ni halisi. Hata Warumi wenyewe walighushi, shaba ndani na ngozi nyembamba ya fedha juu. Chukua kioo cha kukuzia ukague ukingo; penye mchubuko, rangi nyekundu au kijani ni dalili mbaya. Bei pia hutaikuta, na maelezo ya picha yameandikwa kwa Kiingereza.

Ukishaizoea, tafuta dinari ya Trajan yenye mwanamke anayewakilisha Arabia, na ngamia miguuni pake. Hiyo ndiyo ninayoiwinda sasa.