Lenzi za Mitumba Nairobi: Ipi Ununue, na Gazeti la Kuipimia

Ukienda mjini kununua lenzi ya mtumba, beba kamera yako, tochi, selotepu na ukurasa wa gazeti wenye matangazo ya zabuni, yale ya herufi ndogo ndogo. Muuzaji atajipiga picha akuonyeshe kwenye skrini. Usishangae: kwenye skrini ya inchi 3 kila mtu hutoka vizuri.

Namba moja kwangu ni 50mm f/1.8 (mm ikipanda, lenzi huvuta karibu zaidi; namba ya f ikipanda, tundu la kuingizia mwanga huwa dogo zaidi). Vioo vyake ni vichache, haina zumu, na ukiifunga hadi f/5.6 herufi husomeka katikati na pembeni. Ubaya wake ni kwamba kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea picha) huona kama 75 au 80mm, kwa hivyo ndani ya bedsita utapiga mgongo ukiwa ukutani.

Namba mbili ni 18-55mm, ile inayokuja na kamera. Watu huidharau bure. Ipe f/8 uone.

Ya mwisho, tena kwa mbali, ni 70-300mm ya bei nafuu. Picha yake hulegea, yaani hupoteza ukali, ikifika 300. Niliuziwa moja nikiwa na haraka ya harusi, na wajomba wote waliosimama kulia walitoka kama watu wanaoonekana kupitia dirisha la matatu siku ya mvua. Fundi alipoifungua, kioo kimoja kilikuwa kimekaa upande.

Hilo gazeti lingelifichua kwa dakika tano. Libandike ukutani, weka kamera juu ya kaunta ikitazamana nalo sawasawa, taima sekunde 2, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 100. Piga tundu likiwa wazi kabisa, kisha f/8, halafu kuza kila pembe. Pembe zote nne zikilegea sawa, hiyo ni tabia ya lenzi. Ikilegea moja tu, rudisha. Usiihukumu kwa f/16 au f/22, kwani hapo tundu dogo lenyewe hutawanya mwanga.

Ukitaka kupima ukali kwa namba, nenda saiba uchapishe chati ya Jeshi la Anga la Marekani ya 1951, ile ya mistari mitatu mitatu. Kwa 50mm ukiwa mita 2.5, picha hupungua karibu mara 50: jozi moja ya mistari (mweusi na mweupe) kwa milimita ya karatasi huwa kama 50 kwa milimita ya sensa.

Mwisho washa tochi, mulika kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui, ni kuvu. Mrudishie, hata akishusha bei nusu.