Tundu la kunasia paka: utamtoaje?

Mnunuzi akishika tundu la kunasia paka dukani, kitu cha kwanza ni kuufyatua mlango wa mbele. Pah! Anaufyatua tena, anatabasamu, anatoa pesa. Mlango huo ndio usio na shida. Paka mwenye njaa ataingia hata kwenye ndoo ikiwa ndani kuna samaki. Kazi ni kumtoa: mara ya kwanza kwa daktari wa mifugo atakayemhasi, mara ya pili uchochoroni alikotoka, na mara zote mbili ana kucha 18, meno na hofu. Tundu lipimwe kwa hapo.

Tunazungumzia matundu ya aina mbili ambayo kikundi cha kuokoa wanyama hapa pwani kinaweza kuyapata. Kuna ya kiwandani yanayoagizwa nje, ya wavu mwembamba uliopakwa zinki, kama yale ya Tomahawk kutoka Marekani. Na kuna ya fundi wa kuchomelea, yanayotengenezwa kwa nondo na wavu wa chuma. Ya kiwandani ni mepesi na yamefikiriwa vizuri. Ya fundi ni mazito, na ubora wake unategemea ulimwambia nini fundi. Bei haziko karibu hata kidogo, na bei ndiyo inayoamua, kwa sababu tundu moja halitoshi.

Halitoshi kwa nini? Kwenye nchi za baridi paka jike hupumzika miezi ya giza, maana mwili wake unafuata urefu wa mchana. Huku karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo hapumziki. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, anabeba siku 63 hadi 65, na joto linaweza kumrudia hata kabla hajaachisha watoto. Kichochoro chenye paka 12 kinatakiwa kimalizwe ndani ya siku mbili tatu, la sivyo waliobaki wanajaza nafasi za wengine. Hiyo ni kazi ya matundu 5 au 6 kwa pamoja.

Sasa mlango wa nyuma. Uwe wa kuinua juu kama pazia la duka, na uwe na upana na kimo cha tundu lenyewe. Ukiwa nao unaweka chambo kwa nyuma bila kupitisha mkono juu ya kibao cha kukanyagia, kile kinachofyatua mlango wa mbele paka akikikanyaga, unaingiza bakuli la maji, unaunganisha mdomo wa tundu na mdomo wa kizimba paka ahame mwenyewe. Muhimu kuliko yote, unapitisha chanuo. Chanuo ni uma mkubwa wa fito za chuma unaopenyezwa katikati ya wavu kutoka juu hadi chini, ukamgawa paka upande mmoja na wewe upande wa pili. Kwa machanuo mawili unambana taratibu hadi daktari anamchoma sindano ya usingizi kupitia wavuni, hakuna mkono ulioingia ndani.

Tundu lisilo na mlango wa nyuma linakulazimisha ufungue wa mbele, ambao umetengenezwa ujifunge. Mkono mmoja unashindana na spiringi, mwingine unashikilia tundu, na paka anauangalia huo mlango kama wewe. Hapo ndipo watu wanapochanwa, na hapo ndipo paka anapoponyoka ndani ya kliniki na kupanda juu ya kabati la dawa.

Mafundi wengi huuacha mlango huu kwa sababu mteja hakuusema. Ukiusema, nao wana kosa lao: wanaukaza sana. Reli zake ziache nafasi ya milimita 2 au 3, na rangi ipakwe mlango ukiwa nje ya reli, maana rangi ikikaukia ndani, mlango unaganda siku unayouhitaji. Halafu kuwe na pini. Dume la kilo 5 linajua kuinua mlango kwa pua. Msumari wa inchi 3 uliofungwa kwa mnyororo mfupi unatosha. Bila mnyororo utapotea wiki ya kwanza.

Urefu uwe sentimita 75 hadi 90, upana 25 hadi 30, kimo 30 au zaidi kidogo. Tundu fupi ndilo linalofunza paka ujanja. Mlango unamgonga mgongoni, anarudi kinyumenyume, na kuanzia hapo hata umwekee nguru mzima hakaribii. Kibao kiwe nusu ya nyuma, chambo nyuma ya kibao, ili anapokanyaga awe ameshaingia mwili mzima na mkia wake.

Macho ya wavu yasizidi milimita 25. Wavu wa milimita 50, ambao fundi huwa nao tayari kwa sababu ya mabanda ya kuku, haufai kabisa: paka anatoa mkono mzima, na mtoto wa paka anapenyeza kichwa kisha anakwama. Pitisha kiganja ndani ya tundu lote kabla hujalipa. Ncha itakayokukwaruza ndiyo itakayochana pua ya paka, kwa sababu paka aliyenaswa husukuma kwa pua.

Kibao cha kukanyagia kijaribu kwa pakiti ya sukari ya nusu kilo. Iweke pole pole, usiidondoshe. Mlango usipoanguka, tundu litawanasa madume tu na majike wembamba watakula na kwenda zao. Ukianguka kabla hujaachia pakiti, upepo wa bahari utakufyatulia usiku kucha. Matundu ya kiwandani yanashinda hapa bila ubishi. Ya fundi hurekebishika kwa kukunja ndoano kidogo kwa koleo, ila ni kazi ya kujaribu na kujaribu tena.

Halafu kuna chumvi. Pwani inakula chuma, na inaanza na spiringi. Mlango wa kuanguka kwa uzito wake hauna spiringi, kwa hiyo huishi muda mrefu zaidi Lamu au Forodhani kuliko ule wa spiringi, mradi uwe na komeo linaloushika ukishaanguka. Bawaba zitie tone moja la mafuta ya cherehani kila mwezi. Mafuta ya kupikia yanavuta sisimizi na kugandisha vumbi. Tundu jipya la fundi likae nje juani wiki mbili kabla ya kutumika, kwani paka hapendi harufu ya rangi mbichi.

Uzito: la kiwandani ni kilo 3 hadi 5. La nondo za milimita 6 linaweza kupita kilo 8 kabla paka hajaingia. Kwenye tuktuk si neno. Kwenye vichochoro vya Lamu, ambako utalibeba kwa mkono, utalikumbuka. Chini ya mpini kuwe na kibati cha kukinga vidole, kwani paka anakwaruza kuelekea juu pia.

Matumizi yana mpangilio wake, na kosa kubwa ni kuanza na mtego. Anza na daktari: nafasi ya upasuaji ipatikane kwanza, paka wanaswe usiku wa kuamkia siku hiyo. Wiki moja kabla, walishwe saa ile ile mahali pale pale. Saa 24 kabla ya kutega, chakula kikatwe na majirani wote waambiwe, maana bibi mmoja mwenye huruma na sahani ya wali wa samaki anatosha kuharibu usiku mzima. Maji hayakatwi kamwe. Karibu na soko la samaki ndiko kugumu zaidi, paka wameshiba. Huko tega siku soko limefungwa.

Kunja gazeti liufunike wavu wa chini, kwa kuwa nyayo za paka hazipendi waya, lakini lisipite chini ya kibao. Chambo ni kijiko kimoja cha jodari wa kopo au dagaa wa kukaanga, juu ya kipande cha jani la mgomba. Kopo lenyewe lisiingie, lina makali. Dondosha mafuta yake kidogo mlangoni na katikati. Kijiko kimoja tu, kwa sababu paka aliyejaza tumbo ni hatari chini ya dawa ya usingizi. Mkubwa anatakiwa akae saa 8 hadi 12 bila kula kabla ya upasuaji, mtoto saa chache tu. Watoto wanaweza kufanyiwa wakifika kilo moja hivi.

Usiache tundu peke yake. Kaa mbali, lichungulie kila dakika 15. Akinaswa, lifunike lote kwa leso, yaani kanga, hapo hapo. Gizani anatulia karibu papo hapo, na pua yake inapona. Leso ya pamba, si nailoni, na tundu likae kivulini: joto la Machi linamuua paka aliyefungiwa haraka kuliko njaa. Kabla ya kuondoka, angalia mambo mawili. Sikio la kushoto likiwa limekatwa ncha, kama sentimita moja kwa mstari ulionyooka, huyo ameshahasiwa, muachie. Na jike mwenye chuchu zilizovimba na manyoya yaliyokwanguka pembeni yake ana watoto wachanga mahali. Mwambie daktari amtangulize, arudi kwa watoto siku hiyo hiyo.

Ukitaka paka fulani tu, kibao hakichagui. Inua mlango kwa chupa ya maji iliyojaa, ifunge uzi wa mita 6, uvute wewe mwenyewe. Kwa shume mzee asiyeingia tunduni kwa lolote kuna mtego wa kudondosha: fremu ya mita moja kwa mita moja, kimo sentimita 30, juu nyavu, upande mmoja umeinuliwa kwa kijiti. Ni ule ule wa watoto wanaotegea njiwa kwa tenga. Unafanya kazi vizuri ajabu, ila paka akiwa chini yake utarudi kwenye swali lile lile la kumtoa: ubavuni kuwe na kamlango ka kuinua, kalingane kabisa na mlango wa tundu lako. Pima kabla ya kuchomelea. Pengo la vidole vitatu ni njia.

Baada ya upasuaji analala ndani ya tundu hilo hilo juu ya gazeti kavu. Dume saa 24, jike hadi 48, nyuzi ziwe za kuyeyuka. Chakula anapewa akishasimama sawasawa, na kidogo. Arudishwe pale pale alipotoka, mlango ukielekezwa mbali na barabara, kisha usimame nyuma ya tundu. Dume aliyehasiwa bado anaweza kuzalisha kwa wiki kadhaa, msishangae.

Usafi ni sehemu ya bei ya tundu. Sugua kwa sabuni kwanza, kisha jiki mililita 30 kwa lita moja ya maji, dakika 10, suuza sana, anika juani. Jiki haifanyi kazi juu ya uchafu, na ikibaki inaleta kutu. Dawa zile zinazogeuka nyeupe ukizitia majini zisiguse tundu kabisa, nyingi ni sumu kwa paka. Akikuuma au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Chanjo ya paka huchomwa wakati wa upasuaji, kwa hiyo kabla ya hapo hesabu kuwa hana.

Mwenye paka watatu nyuma ya nyumba asinunue chochote. Aulize kuazima. Kenya, KSPCA, shirika la kulinda wanyama lililoanza mwaka 1910, ni pa kuanzia kuuliza, na vikundi vidogo hupenda kuona nafasi ya daktari imeshapangwa kabla ya kukukabidhi tundu. Wana haki: tundu lililokaa kwako wiki mbili bila kazi ni kichochoro kizima kilichosubiri. Kikundi kinachoanza kinunue moja la kiwandani, kimpelekee fundi kama kielelezo, kichongewe manne. Fundi atakuuliza mlango wa mbele uweje. Mwambie tutaufikia, aanze na wa nyuma, na asisahau mnyororo wa pini.