Redio ya gari na kamera ya nyuma: cha kununua kwanza Kampala, na cha kuacha dukani

Ukinunua Toyota Premio, Wish au Noah iliyotoka Japani unapata gari zuri lenye redio isiyokufaa. Skrini imejaa maandishi ya Kijapani, ramani ni ya Osaka na Nagoya, na ukiitafuta stesheni ya Simba 97.3 husikii kitu. Redio za huko ziliundwa kupokea FM kuanzia 76 hadi 90 MHz, na za miaka ya karibuni hufika 95, wakati sisi hapa tunatangaza kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana siku gari linapotoka bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa, Sanyu 88.2 na CBS 88.8 zinasikika vizuri, lakini Capital 91.3 na KFM 93.3 mara nyingi hazipo, na Simba haipo kabisa.

Basi mwenye gari anakwenda Kisekka, soko la vipuri, kubadilisha redio, na cha kwanza anachoonyeshwa ni skrini kubwa inayong'aa. Analipa, anafungiwa, anarudi nyumbani na muziki. Kamera ya nyuma anatupiwa kama nyongeza, ile ya bei ya chini kuliko zote, na baada ya mvua za msimu mmoja inaonyesha ukungu mtupu.

Mimi ningegeuza mpangilio huo. Kitu cha thamani katika kazi hii yote ni picha ya nyuma. Noah ikiwa inarudi nyuma kwenye kiwanja cha nyumba, mtoto wa miaka mitatu aliyesimama karibu na bampa haonekani kwenye kioo chochote. Mjini ni hivyo hivyo: unatoka kwenye maegesho, na bodaboda amekwisha kujipenyeza nyuma yako kabla hujageuza shingo. Marekani walilifanya jambo hili kuwa sheria: tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa kule lazima liwe na kamera ya nyuma. Japani walianza Mei 2022 kwa modeli mpya kudai kamera au kifaa kingine cha kutambua kilicho nyuma. Magari mengi tunayoendesha sisi yalitengenezwa kabla ya hapo, kwa hiyo jukumu limebaki kwetu.

Katika sheria ile ya Marekani kuna vipimo viwili ninavyovipenda kwa sababu unaweza kuvitumia hapo hapo dukani. Picha lazima itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuweka rivasi, na lazima ionyeshe eneo la nyuma ya gari lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 hivi. Vishike hivyo viwili. Vitakusaidia kukataa vitu vingi.

Pima dashibodi kwanza

Kabla ya kutaja bei yoyote, jua tundu la redio yako. Matundu hutajwa kwa DIN, kipimo cha kawaida cha redio za gari: DIN moja ni milimita 180 kwa 50, na DIN mbili ni 180 kwa 100. Toyota nyingi za Japani zina tundu pana zaidi, milimita 200 kwa 100. Ukiweka redio ya kawaida humo, inabaki nafasi ya kidole kila upande, na fundi mvivu ataiacha wazi au ataijaza gundi. Dai vile vipande vya plastiki vya pembeni au fremu ya modeli ya gari lako, na viwe mkononi mwako kabla redio ya zamani haijatolewa.

Angalia pia kama gari tayari lina kamera ya kiwandani. Baadhi ya Harrier na Wish zinakuja nayo. Kamera za kiwandani za Toyota kwa kawaida hutumia volti 6, si 12. Fundi asiyejua hilo akiiunganisha moja kwa moja na taa ya rivasi, anaweza kuiunguza, kisha anakuuzia nyingine. Adapta ya kuihifadhi ipo, na kamera ile ya awali mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei nafuu.

Mpangilio wangu, kuanzia bora

1. Redio ya skrini ya kampuni inayojulikana, pamoja na kamera ya waya

Hapa nazungumzia Pioneer, Kenwood, JVC, Sony na Alpine, zile zenye Apple CarPlay na Android Auto. Skrini yake huwa ya inchi 6 au 7 hivi, na muuzaji atakuambia ni ndogo. Inatosha. Katika mpango huu akili iko kwenye simu: ramani, muziki na bando la intaneti ni vya simu yako, redio inaonyesha tu na kutoa sauti. Baada ya miaka mitano utakuwa na simu mpya, na redio ile ile itaendelea kufanya kazi. Inawaka haraka, na ina tundu maalumu la kamera ambalo huamka bila kusubiri chochote. Chukua redio inayounganishwa na simu kwa waya kama pesa inabana. Isiyo na waya ni starehe tu, na ya waya inachaji simu ukiwa kwenye foleni ya Jinja Road.

Mambo mawili ya kuangalia. Chapa hizi zinaigwa sana, kwa hiyo soma namba ya modeli iliyobandikwa kwenye mwili wa redio, ilinganishe na boksi, kisha itafute kwenye tovuti ya kampuni ukiwa bado umesimama dukani. Isipoonekana huko, irudishe kwenye shelfu.

La pili ni eneo la redio. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huruka hatua za 0.2 na kusimama kwenye namba za witiri tu: 88.1, 88.3, 88.5. Capital na KFM utazipata, lakini Sanyu 88.2 na CBS 88.8 zitaangukia katikati na kusikika kwa mikwaruzo. Nyingi zina sehemu ya kubadilisha eneo kwenye menyu, chagua Ulaya. Mwambie muuzaji akuonyeshe 88.8 ikikamata kabla hujatoa pesa.

2. Kioo cha ndani chenye skrini, pamoja na kamera ya waya

Kwa mwenye pesa kidogo, hili ndilo chaguo langu bila kusita. Ni kioo kinachovalishwa juu ya kile cha ndani cha gari, kina skrini ndogo inayowaka ukiweka rivasi na kupotea ukitoa. Redio ya zamani haiguswi, dashibodi haivunjwi, na mwizi wa kwenye foleni haoni chochote cha kumvutia. Usalama unaupata wote, muziki utasubiri. Wenye HiAce za abiria waulize urefu wa waya, kwa sababu waya unaokuja kwenye boksi mara nyingi ni wa mita 6 na unaishia kabla ya kufika mbele ukiupitisha kwenye dari. Wenye Fuso na malori mengine ya volti 24, hakikisha kimeandikwa 12–24.

3. Skrini ya Android isiyo na jina

Hizi ndizo zimejaa kila duka: inchi 9 au 10, fremu ya gari lako tayari ipo, na bei yake ni ya chini kuliko chapa za juu. Sizikatai. Nimeziona zikifanya kazi vizuri kwenye Spacio na Fielder, na fremu yake hukaa safi kuliko redio ya kampuni iliyozungushiwa plastiki. Ila ndizo ambazo watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 1 usiiguse. GB 2 ni mwanzo, GB 4 ndiyo inayostahimili. Maandishi ya kwenye boksi usiyaamini, na hata yale ya ndani ya menyu yanaweza kughushiwa. Fanya jaribio hili: zima kabisa, toa umeme wote, washa, na hapo hapo weka rivasi. Hesabu. Nzuri hutoa picha ya kamera hata kabla haijamaliza kuwaka. Mbaya inakuonyesha nembo inayozunguka huku gari limekwisha kurudi mita nne. Kisha fungua ramani, cheza muziki, weka rivasi tena. Ikikwama dukani, kwenye jua la saa nane mchana itakwama zaidi.

Na ile "4 x 50 W" iliyoandikwa kila mahali, hata kwenye chapa kubwa, ni namba ya kibiashara. Kwa umeme wa gari wa volti 14.4 na spika ya ohmi 4, amplifaya ya ndani ya redio haiwezi kuvuka wati 26 hivi kwa kila spika bila kukwaruza, na halisi huwa chini ya hapo. Ukitaka sauti kubwa na safi, badilisha spika za mbele. Zile za kiwandani zenye karatasi iliyokauka ndizo zinazoharibu muziki, si redio.

4. Redio ya DIN moja yenye blututhi

Inafaa gari la kazi. Unapokea simu, unacheza USB, FM yote ya Uganda ipo. Kamera itahitaji kioo cha namba 2. Chagua yenye uso unaotolewa, uende nao unapoegesha mjini.

5. Kubaki na redio ya Japani na kuongeza kibadilisha masafa

Kikopo hiki kidogo hufungwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa. Kikipunguza 12, kwa mfano, Capital 91.3 utaipata kwenye 79.3 na Simba kwenye 85.3, lakini chochote kilicho juu ya 102 kimepotea. Ni bei ya kutupa, na kwa mtu anayesikiliza stesheni mbili tatu kinatosha kabisa. Kumbuka tu kwamba Toyota nyingi zenye ramani hujifunga betri ikitolewa na kudai namba ya siri inayotokana na ERC, namba ya utambulisho wa redio inayoonekana kwenye skrini. Kama fundi wa betri amekwisha kukufanyia hivyo, usitie pesa zaidi kwenye redio hiyo.

6. Kamera isiyo na waya

Acha. Picha inakatika, inachelewa, na bado inahitaji umeme wa waya nyuma na mbele. Hakuna ulichookoa.

Kamera yenyewe

Kuna aina mbili za picha: CVBS, ambayo ni ya zamani na yenye ukungu kidogo, na AHD, ambayo ni kali. AHD haitaonekana kwenye skrini isiyoikubali. Utapata giza au picha inayotetemeka. Nunua kamera na skrini siku moja, na zijaribiwe pamoja juu ya meza kwa betri ya volti 12 kabla gari halijafunguliwa hata skrubu moja.

Kinga ya maji ndiyo sehemu nisiyokubali kupunguza. Hupimwa kwa namba za IP: IP67 inavumilia mvua na dimbwi. Lakini gari zetu zinaoshwa kwa pampu yenye nguvu karibu kila wiki, na kijana wa kuosha anaelekeza mdomo wa bomba moja kwa moja kwenye kibao cha namba, mahali kamera inapokaa. Maji yale yanaingia pale ambapo mvua haifiki. Ukiipata IP69K, ambayo hupimwa kwa maji ya moto ya kasi, lipia tofauti. Ukiikosa, mwambie fundi azungushe silikoni mahali waya unapoingia kwenye mwili wa kamera, na umwambie kijana aoshe pale kwa kitambaa.

Pembe ya lenzi kati ya nyuzi 120 na 150 inatosha. Zaidi ya hapo mtu aliye mita mbili anaonekana kama yuko mbali, na hilo ni hatari. Kamera nyingi za bei nafuu zina vitanzi viwili vidogo vya waya, cha kijani na cheupe: kimoja kikikatwa kinageuza picha kushoto kulia, kingine kinaondoa mistari ya kuongoza. Picha ya nyuma lazima iwe kama ya kioo. Msimamishe mtu upande wa kulia wa gari. Asipoonekana kulia kwenye skrini, kazi haijaisha.

Siku ya kufunga

Fundi atakuuliza, "Ssebo (bwana), nikate tu hizi waya?" Jibu ni hapana. Kwa Toyota ipo plagi ya pini 10 na ya pini 6, kwa Nissan ya pini 20, na zinauzwa maduka yale yale. Waya ukikatwa na kusokotwa kwa tepu, gundi ya tepu huachia kwenye joto la dashibodi, tepu inateleza, shaba inagusana na chuma, na fyuzi ikiwa imebadilishwa kwa kubwa zaidi unapata moshi badala ya muziki.

Rangi ni rahisi kukumbuka: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni ethi. Akiunganisha njano na nyekundu pamoja, redio haizimiki kikamilifu na betri inalala baada ya siku chache. Waya wa rivasi wa redio uende kwenye taa ya rivasi. Usipounganishwa, utalazimika kubonyeza skrini kila unaporudi nyuma, na siku utakayosahau ndiyo siku yenyewe.

Vitufe vya usukani viulizie kabla, kwa sababu kuvifundisha upya ni kazi ya dakika chache dashibodi ikiwa wazi na ni vurugu ikishafungwa. Kabla hajarudisha plastiki, kaa kwenye kiti, washa taa, piga honi, weka rivasi, jaribu AC na kila spika. Redio ya zamani na skrubu zake iweke kwenye buti uondoke nayo: ukiuza gari, mnunuzi mwingine ataitaka, na ukiwa na plagi zisizokatwa inarudi ndani ya nusu saa.